Ramani ya jengo la kidato cha tano na sita, pwani ya Lindi: tuikubali au tuirudishe?

Mwalimu Mstaafu, Lindi

Ndugu zangu, hasa mlio na taaluma ya ubunifu wa majengo, naomba mnisaidie kuisoma ramani ambayo kamati yetu ya ujenzi imeletewa wiki iliyopita. Shule yetu ya kata iko pwani, kaskazini ya mji wa Lindi, juu ya kilima kidogo kinachoitazama bahari upande wa mashariki. Inatarajiwa kupokea wanafunzi wa kidato cha tano na sita katika tahasusi nne, wanafunzi 40 kwa kila tahasusi katika kila kidato, yaani 320 kwa jumla, nusu wasichana na nusu wavulana, wote wa bweni. Sehemu ya fedha itatoka serikalini, na sehemu nyingine ni makato ya korosho na ufuta ambayo wakulima wenyewe waliyaridhia mkutanoni, kwa hiyo kila shilingi ina mwenyewe ambaye kesho atakusimamisha gulioni akuulize imekwenda wapi.

Ramani inaonyesha jengo la ghorofa moja, refu, ambalo uso wake wote unaotazama bahari ni vioo kutoka chini hadi juu. Ndani kuna korido katikati, madarasa huku na huku. Paa ni lile la kujificha nyuma ya ukuta, bati halionekani kabisa. Maabara ya kemia na jiko vimewekwa upande wa bahari, mwanzoni kabisa mwa kiwanja, na mabweni yako nyuma yake. Wajumbe wengi wameipenda, na neno linalorudiwa kikaoni ni kwamba jengo ni la kisasa. Mimi nimefundisha miaka 31 katika madarasa ya bati yasiyo na dari, ambamo saa nane mchana mwezi Februari wanafunzi husinzia safu kwa safu, na mvua ikishuka unaweka chaki chini kwa sababu hakuna anayekusikia. Kwa hiyo sina kiu ya kurudi kwenye majengo ya zamani. Wasiwasi wangu ni kwamba katika ramani hii sioni mahali ambapo mbunifu amejiuliza jengo litakuwa wapi.

Kijana mmoja wa kamati ameleta picha za Lycée Schorge, shule ya sekondari iliyoko Koudougou nchini Burkina Faso, iliyobuniwa na Francis Kéré, na anapendekeza tuige kuta zake nene za mawe mekundu. Je, hilo nalo linafaa huku kwetu? Naomba mnijibu kwa urefu, maana nitayasoma majibu yenu mbele ya kamati.

Msanifu wa Shangani, Mtwara

Shikamoo Mwalimu. Kazi yangu ni ubunifu wa majengo katika mikoa hii yetu miwili, na ramani ya namna hiyo nimeiona zaidi ya mara moja. Naomba nianze na jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko ghorofa na vioo: jengo lenu limegeuziwa upande usio wake.

Lindi iko karibu na nyuzi 10 kusini mwa Ikweta. Jua hupita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na tena katika wiki ya tatu ya Oktoba. Kuanzia Oktoba hadi Februari jua la adhuhuri huegemea kusini, lakini kidogo tu, kwani hata mwezi Desemba halizidi nyuzi 13 na nusu kutoka utosini. Miezi yote iliyobaki liko kaskazini, na mwezi Juni hufikia nyuzi 33 na kitu. Hesabu yake haina ugumu. Ikiwa kutoka ukingo wa paa hadi chini ya dirisha ni mita 1.8, upenu wa mita 1.2 upande wa kaskazini unatosha kulifunika dirisha lote kwa kivuli wakati wa adhuhuri hata mwezi Juni, na upande wa kusini nusu mita inatosha kwa Desemba. Jua la saa mbili asubuhi na la saa kumi alasiri halina hesabu hiyo, kwa sababu huja chini chini na kuingia moja kwa moja, upenu uwe mrefu kiasi gani. Uso wa vioo unaotazama mashariki maana yake ni kwamba vipindi vya kwanza vyote mwanafunzi atakuwa amekunja uso, ubao unang'aa hausomeki, na joto lililoingia kupitia kioo halitapata pa kutokea. Baada ya wiki mbili mtatundika mapazia, na bahari yenyewe haitaonekana tena.

Wabunifu wa nchi nyingine mara nyingi hulazimika kuchagua kati ya kivuli na upepo, kwa kuwa upepo mzuri unatoka huko huko linakotoka jua kali. Sisi tumejaliwa kutolazimika. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, na kaskazi hutoka kaskazini na kaskazini-mashariki kuanzia Novemba hadi Machi. Jengo lililolala kutoka mashariki kwenda magharibi, kuta zake ndefu zikitazama kaskazini na kusini, linapata vyote viwili: kusi inaingia kwa madirisha ya kusini na kutokea kaskazini, kaskazi inafanya kinyume chake. Kuta fupi za mashariki na magharibi zisiwe na madirisha makubwa. Hapo wekeni stoo, ngazi au ofisi. Anayetaka bahari ataiona akiwa barazani wakati wa mapumziko.

Lakini upepo hupita tu pale ulipofunguliwa njia pande zote mbili. Korido ya katikati inaiziba njia hiyo, kwa sababu kila darasa linabaki na ukuta mmoja tu wa nje. Maxwell Fry na Jane Drew, Waingereza waliobuni shule nyingi nchini Ghana katika miaka ya 1940 na 1950, walipanga madarasa ya chumba kimoja kwa upana, matundu huku na huku na baraza pembeni, na mpaka leo sijaona mpango unaoushinda kwa nchi ya joto lenye unyevu. Darasa la mita 9 kwa 7 linalopata mwanga kutoka pande mbili halihitaji taa mchana. Ni kweli kwamba jengo la namna hiyo ni refu zaidi, linakula msingi na bati zaidi kuliko lile la korido ya katikati, na mkadiriaji majenzi wenu atalisema hilo. Mjibuni kwamba mnalipia mara moja.

Kuhusu Kéré, kijana wenu ana macho mazuri, ila ameangalia ukuta badala ya paa. Kéré alianza na shule ya msingi ya kijijini kwao Gando, iliyokamilika mwaka 2001, na mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya kimataifa ya ubunifu wa majengo. Lycée Schorge ya mwaka 2016 ina kuta za mawe ya udongo mwekundu, minara ya kutolea hewa ya moto na pazia la miti ya mkalitusi lililozunguka madarasa kutia kivuli. Sasa Burkina Faso ni nchi kavu, mchana unaunguza na usiku unapoa sana, hivyo ukuta mnene hufyonza joto mchana kutwa na kulitoa usiku wakati darasa halina mtu. Pwani ya Lindi usiku haupoi kiasi hicho. Hapa ukuta mnene hukaa na joto lake hadi alfajiri, na kama ni ukuta wa bweni, anayelipokea joto hilo ni mwanafunzi aliyelala. Bweni la pwani linataka ukuta mwembamba, matundu mengi ya hewa, na dari juu. Kinachostahili kuigwa kutoka Gando ni paa la bati lililonyanyuliwa juu kabisa ya dari, pakaachwa nafasi ambamo upepo hupita na kuondoa joto kabla halijashuka chini. Nafasi hiyo hiyo pamoja na dari hupunguza ule mshindo wa mvua uliousema.

Maabara ya kemia na jiko vihame. Kwa kuwa kusi na kaskazi zote zina asili ya mashariki, kitu kinachotoa moshi au harufu kikiwekwa mashariki kitawafuata watu mwaka mzima. Mahali pake ni magharibi ya kiwanja, pamoja na vyoo.

Juu ya ghorofa sina ubishi mkubwa. Mjini penye uhaba wa ardhi lina maana. Kwenu kilimani sioni sababu. Kumbukeni tu kwamba mwanafunzi wa kiti cha magurudumu akitakiwa kupanda mita 3.3 kwa mteremko wa moja kwa kumi na mbili, njia hiyo itakuwa na urefu wa mita 40 bila kuhesabu sehemu za kupumzikia. Katika maelezo yako ya ramani, njia hiyo hukuitaja.

Fundi Mikindani

Naunga mkono aliyotangulia kuyasema Msanifu, lakini hapo kwenye upenu nina la kuongeza, na nalisema nikiwa mtu ambaye ameitwa mara nyingi kurudisha mabati yaliyokwenda na upepo.

Pwani yetu si pwani ya kudharau upepo. Kimbunga cha Aprili 1952 kiliingia nchi kavu hapo hapo Lindi. Aprili 2019 tulikaa tumefunga virago Mtwara tukikisubiri kimbunga Kenneth, kikatupita kikaangukia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya, na mvua yake kila mtu anaikumbuka kwa namna barabara ya kwenda Dar es Salaam ilivyokatika upande wa Somanga. Upenu mrefu ni kivuli kizuri siku 364. Siku moja iliyobaki ni mkono unaoupa upepo mahali pa kushika. Upepo huingia chini yake, ukausukuma juu, na kwa kuwa upenu na paa kubwa ni kenchi moja, yaani fremu moja ya mbao inayobeba bati, vyote huondoka pamoja. Kwa hiyo mimi hujenga paa la baraza likiwa peke yake, limeshushwa chini kidogo ya paa kubwa na kusimama juu ya nguzo zake. Kikija kibaya, baraza litaondoka na darasa litabaki. Kenchi zenyewe zifungwe kwenye ringbimu (ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta) kwa ukanda wa chuma uliozamishwa katika zege siku ile ile ya kumwaga, si waya uliozungushwa baadaye. Na bati lisishikwe kwa misumari ya kugongwa, bali kwa skrubu zenye raba, zikaribiane zaidi pembezoni na kileleni kwa sababu huko ndiko upepo unakoanzia. Paa la pande nne hustahimili kuliko la pande mbili lenye gebo, yaani ukuta wa pembetatu kila mwisho.

Paa la kujificha silipendi, na nina sababu. Nimefungua moja katika jengo la umma ambalo halikuwa limefikisha miaka mitano. Mfereji wake uko ndani, katikati ya bati na ule ukuta wa urembo, umejaa majani ya mwembe na kiota cha ndege, maji yamekosa njia yakashukia kwenye dari. Nje jengo bado lilikuwa linapendeza, ila rangi ilikuwa imeanza kutoka kama magamba, maana ukuta usio na upenu hulowa kila mvua.

Jambo jingine ni chumvi. Msikubali mchanga wa ufukweni hata ukiletwa bure na mtu mwenye nia njema. Chumvi yake huila nondo ndani kwa ndani, nondo ikiota kutu hutanuka na kupasua zege, na siku mnapoona ufa tayari mmechelewa. Zege la nje lifunike nondo kwa angalau milimita 40. Karibu na bahari bati jepesi la geji 30 halifiki mbali. Tafuteni nene, lenye mchanganyiko wa alumini, hata kama itabidi kuacha ile rangi mnayoitaka. Madirisha ya chuma nayo yatawasumbua, wakati mbao za mkongo bado zinapatikana huku kwetu kwa wenye vibali, na luva za mkongo (vibao vya dirisha vilivyoinamishwa kupitisha hewa) zilizopakwa mafuta nimeziona zikizeeka polepole kuliko mimi.

Matroni wa Zamani, Masasi

Nawasalimu nyote. Sikusomea ujenzi, nimelala tu mabwenini pamoja na wasichana kwa miaka mingi, kwa hiyo nitasema ya huko.

Msanifu ameshauri jiko lipelekwe magharibi. Mchana hana kosa. Lakini uji wa wanafunzi huinjikwa saa kumi alfajiri, na saa hiyo pwani kusi imelala. Kinachovuma ni umande, ule upepo mwepesi unaotoka bara kwenda baharini. Jiko la kuni likiwa magharibi na bweni likiwa mashariki yake kwa mstari mmoja, moshi wa alfajiri utaingia kwa kila tundu la hewa mnalolisifu. Naomba jiko lisogezwe pembeni ya mstari huo, au lijengewe bomba refu la moshi kwa jiko banifu, au vyote viwili.

La pili ni nondo za madirisha. Kila mkandarasi anapenda kuzichomelea moja kwa moja kwa hoja ya wizi, kisha bweni lina mlango mmoja ambao usiku hufungwa kwa kufuli kwa nje. Moto ukianza, wenye kufa ni wale walioko mwisho wa chumba. Bweni liwe na milango miwili inayofunguka kwa nje, katika ncha mbili zinazopingana, na angalau dirisha moja katika kila upande liwe na nondo zinazofunguka kutoka ndani bila ufunguo. Vilevile bweni la watu 80 katika ukumbi mmoja sio bweni, ni ghala. Mkigawa vyumba vya watu wanane wanane, vikifunguka barazani, wasichana wanalala, na mgonjwa anatengwa bila kuhamisha shule nzima.

Kuhusu vyoo, mwongozo unaotumika shuleni ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, kwa hiyo wasichana wenu 160 wanahitaji matundu manane na wavulana saba. Chumba cha kujistiri kiwe na maji ndani yake, si ndoo ya kubeba kutoka bombani mbele ya macho ya watu. Na njia ya kutoka bwenini kwenda chooni iwe na paa na taa. Wabunifu wengi ni wanaume. Hawajawahi kutembea njia hiyo usiku wa mvua.

Mwalimu Mstaafu, Lindi

Marahaba Msanifu, na asanteni nyote. Nimesoma majibu yenu mbele ya kamati jana, na kikao kilichopangwa saa moja kimechukua tatu. Wajumbe wamekubali jengo ligeuzwe na korido ya katikati iondolewe. Ghorofa limewagawa. Mwenyekiti anasema kijiji jirani wana ghorofa, na hoja hiyo sijapata namna ya kuijibu kwa hesabu.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Madarasa yakiwa wazi pande zote mbili, sauti ya mwalimu wa jirani haitaingia darasani kwangu? Na maji: kisima chetu kina chumvi, bomba la kijiji hutoa maji siku mbili kwa wiki. Tufanyeje?

Msanifu wa Shangani, Mtwara

Kwanza nikiri kwamba Matroni amenipata. Nilihesabu upepo wa mchana nikausahau wa alfajiri, na kwa jiko la kuni alfajiri ndiyo saa yake. Jiko lisogezwe kusini-magharibi, mabweni yabaki kaskazini ya mstari huo, na bomba la moshi lipande juu ya kilele cha paa. Fundi naye ana haki juu ya paa la baraza; upenu wa mita 1.2 niliousema upande wa kaskazini utatokana na baraza lenyewe, kwa hiyo hakuna tulichopoteza.

Sauti itavuka, na sitakuficha. Hupungua ukuta kati ya darasa na darasa ukipandishwa mpaka kwenye bati badala ya kuishia kwenye dari, kosa ambalo hufanyika karibu kila mahali kwa sababu ukuta huo hauonekani. Kisha safu moja ya madarasa isitazamane kwa karibu na nyingine. Acheni ua wa mita 15 au zaidi katikati na mpande miti; ua ni jambo la kale pwani hii, hata Husuni Kubwa, jumba la kale la Kilwa Kisiwani, iliyojengwa katika karne ya 14 juu ya jabali linaloitazama bahari, vyumba vyake vimepangwa kuzunguka nyua. Miembe ina kivuli lakini huziba mifereji, kwa hiyo karibu na paa pandeni mwarobaini au msiweke mti kabisa.

Maji mnayo juu ya vichwa vyenu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Safu ya madarasa manne pamoja na baraza ina paa la mita za mraba 400 hivi, kwa hiyo siku moja ya mvua ya milimita 50, ambayo masika si ajabu kwetu, inawapa lita 20,000 kutoka safu moja tu. Hii ni sababu nyingine ya kulikataa paa la kujificha, kwani paa lenye mteremko wa wazi linatoa maji yake kwenye mfereji mnaouona na kuusafisha. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yamwagwe, yana vumbi na kinyesi cha ndege. Matangi yajengwe kivulini, upande wa kusini wa kila safu, na yawe juu ya ardhi, maana tangi lililozikwa likipasuka hamtajua mpaka liwe tupu.

Kwa Mwenyekiti wako, usimjibu kwa hesabu. Muulize kama yuko tayari kamati nzima iende kukaa katika darasa la juu la ghorofa hilo la jirani, saa nane mchana, wiki ya mwisho ya Februari, kwa muda wa vipindi viwili. Kabla ya kusaini chochote, hakikisheni mbunifu na mhandisi wote wawili wamesajiliwa na bodi zao na mihuri yao iko kwenye michoro, ya paa ikiwemo.

Mwalimu Mstaafu, Lindi

Tumekubaliana kwenda Jumanne. Mwenyekiti ameomba iwe asubuhi, wajumbe wamekataa.